Karatasi Niliyoificha Ndani ya Cherehani

Wiki iliyopita niliwaacha na Shangazi akiwa amepiga magoti mbele ya mteja, pini tano mdomoni na kikohozi kooni.

Hakumeza hata moja. Nne zilitapakaa sakafuni. Ya tano ilimchoma mteja pajani, naye akaondoka na sketi isiyo na pindo, akiapa kwamba karakana yetu hataikanyaga tena labda abebwe.

Wote wakanigeukia mimi.

Kama ndiyo kwanza unanisoma, nikupe ufupi wake. Nina shahada ya elimu ya jamii na sina kazi. Shangazi, dada wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa cherehani yake. Nilipomaliza chuo nilirudi karakanani kwake nikiwa na hamu ya kumtengeneza kila mtu. Nilianza na vipimo vya wateja. Niliviandika kwa utaratibu wangu mpya, na sketi kumi na moja za sekondari zikatoka za kumtosha mtoto wa chekechea. Kisha nikamshawishi Shangazi akapime presha. Ilikuwa juu sana. Akaandikiwa vidonge, nami nikajiteua kuwa msimamizi wa vidonge hivyo.

Leo naungama jinsi nilivyovisimamia.

Karakanani tulikuwa wanne. Shangazi mwenyewe. Mwanawe wa pekee, mkata vitambaa, tuliyemwita Mkasi kwa ajili ya kazi yake na zaidi kwa ajili ya ulimi wake. Mama Pasi, mpiga pasi wetu, mwenye mimba ya miezi sita. Na mimi, ambaye jina langu lilifutwa siku niliyorudi na cheti. Nikawa Digrii.

“Hii wiki ya saba mama anakohoa,” Mkasi alisema huku akiokota pini. “Kabla ya vidonge vyako alikuwa anakohoa?”

“Hapana, Kaka. Lakini mwili unahitaji muda kuizoea dawa.”

“Ulisomea mwili?”

“Nilisomea jamii.”

“Basi nenda kaitibu jamii. Mama yangu niachie.”

Mama Pasi alicheka mpaka naye akashikwa na kikohozi, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine chini ya tumbo.

“Vumbi la majoho haya litatuua,” alisema akijifuta macho. Tulikuwa na kazi ya majoho mia mbili ya mahafali. “Na tazama tunamshonea nani! Akina Digrii mia mbili. Kila mmoja atarudi kwao kuharibu kazi ya shangazi yake.”

“Mwacheni mtoto,” Shangazi alisema. “Kikohozi changu hakijamwomba mtu maji.”

Alinitetea. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alinitetea bila kujua nilichomfanyia.

Shangazi anasoma kila kitu. Akinunua sabuni husoma karatasi yake mpaka anwani ya kiwanda. Miaka mitatu nyuma aliandikiwa dawa nyingine, akasoma kwenye maelezo kwamba inaweza kuleta kizunguzungu. Akapata kizunguzungu jioni ileile, kabla hajameza kidonge hata kimoja. Dawa ikaishia jalalani.

Safari hii nilijihami. Nilifungua pakiti mwenyewe, nikatoa ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane, nikaisoma. Kikohozi kikavu kilikuwemo. Mambo mengine mazito yalikuwemo pia, nikayapitisha macho harakaharaka, kwa sababu niliyaona ni ya kutisha watu bure.

Niliikunja nikaificha mahali ambapo hakuna mkono unaofika: kwenye droo ya cherehani ya marehemu mumewe, ile ya kanyagio, iliyofunikwa shuka tangu siku ya mazishi.

Pakiti nilizichanachana. Vidonge nikavitia kwenye kisanduku cha vifungo chenye vyumba saba, na juu ya kila chumba nikashona kifungo cha rangi yake. Cheupe Jumatatu, cheusi Jumanne, na kuendelea mpaka chekundu cha Jumapili. Ukutani nikabandika chati ya kuweka alama.

Shangazi alipoona vifungo vile alinikumbatia. “Mwanangu, umenishonea afya.”

Mara mbili tatu nilikuta chumba cha Jumapili kitupu siku ya Ijumaa.

“Kimeniponyoka kikaingia chini ya meza,” Shangazi alisema.

Nikajaza kingine. Nilikuwa na raha kubwa mno ya kuweka alama kwenye chati yangu hata nisiulize zaidi.

Basi, siku ya pili baada ya mkasa wa pini, Shangazi aliingia karakanani asubuhi akiwa amejifunika mdomo kwa kitambaa.

“Una nini, mama?” Mkasi aliuliza.

Akakitoa kitambaa. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba upande mmoja, unang'aa kama umepakwa mafuta.

“Nyuki huyo!” Mkasi alicheka. “Au umegombana na jirani hukutuambia?”

“Nimeamka nao hivi,” Shangazi alisema. Maneno yalitoka mazito. “Utaisha. Leteni majoho.”

“Shangazi, twende hospitali,” nilisema.

“Majoho yanachukuliwa kesho.”

“Angalau wakuone tu.”

“Wewe kwani nani alikuambia kila kitu ni hospitali?” Mama Pasi aliniuliza. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kwa kubana, kama alivyofanya kila siku wiki zile. “Kikohozi ulisema avumilie. Mdomo sasa unasema akimbizwe. Kesho ukucha ukikatika utaita helikopta?”

Kikohozi, kweli, nilisema avumilie.

Shangazi akaketi, akatia uzi kwenye sindano, akakanyaga. Nilimtazama kwa dakika kumi hivi. Mdomo wa chini nao ukaanza kupanda. Akajaribu kumeza mate, akaweka mkono shingoni.

Nikaenda kwenye cherehani ya marehemu. Nikafunua shuka. Nikavuta droo.

Karatasi ilikuwa palepale. Nikaikunjua. Mstari niliokuwa nautafuta ulikuwa umechapwa kwa wino mzito kuliko mingine yote, na mara ya kwanza niliupita kana kwamba haupo: ukiona uvimbe wa midomo, uso, ulimi au koo, acha dawa na nenda hospitali mara moja.

Mara moja. Na mimi nilikuwa nimemtazama dakika kumi.

“Unatafuta nini kwenye mashine ya baba?”

Mkasi alikuwa nyuma yangu. Akaninyang'anya karatasi. Akaisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama karani wa mahakama. Alipofika kwenye kikohozi alisimama.

“Ulijua,” alisema.

“Kaka…”

“Ulijua! Wiki saba mama anakohoa mpaka anajikojolea, wewe una karatasi inayosema kwa nini, umeifukia kwenye mashine ya baba yangu!”

“Nilitaka amalize dozi. Angeisoma angeacha.”

“Angeacha angekuwa anapumua!” Akanishika kola. “Kunguni wewe. Umekula hapa, umelala hapa, umesoma kwa jasho la huyu mama, halafu…”

“Nitukane ndani ya teksi!” nilipiga kelele. Sikuwahi kumpandishia sauti maishani mwangu. “Nipige ndani ya teksi, Kaka! Mtazame!”

Akageuka. Shangazi alikuwa ameacha kukanyaga. Mdomo wazi, ulimi umejaa, macho yanamtafuta mmoja wetu. Alitaka kusema neno, likatoka koromo.

Mkasi alimbeba mama yake mgongoni kama gunia la vitambaa. Nilichukua kisanduku cha vifungo na ile karatasi, nikakimbia nyuma yao. Mama Pasi alibaki mlangoni.

“Mungu akulipe, Digrii!” alinifokea. “Akulipe leoleo!”

Na kweli ndani ya teksi nilitukanwa. Dereva alipunguza redio ili asikie vizuri.

Kwenye mapokezi ya dharura, muuguzi wa zamu alimtazama Shangazi mara moja tu, akaita machela.

“Anatumia dawa gani?”

“Za presha,” Mkasi alisema.

“Za presha ziko nyingi. Ipi? Pakiti iko wapi?”

Mkasi akaninyang'anya kisanduku, akakifungua mbele yake. Kwa mtikisiko wa safari vyumba vilikuwa vimefunguka, na vidonge vyeupe vimechanganyika na vifungo vyeupe vya mashati vilivyokuwa vimesalia kisandukuni.

Muuguzi alichukua kimoja, akakigeuza. Kilikuwa kifungo.

“Nani kafanya ujinga huu?”

“Huyu,” Mkasi alisema. “Ana digrii.”

Nikanyoosha karatasi. Muuguzi akaipokea, akasoma jina la juu, akaingia nayo ndani akikimbia. Mlango ukafungwa usoni kwangu.

Tulikaa kwenye benchi, yeye ncha hii na mimi ncha ile. Mkasi alimpigia simu Mama Pasi, akamweleza kila kitu, taratibu, akinitazama. Alipomaliza alisema, “Mama akifa, usije mazishini. Nitakuzika pembeni yake.”

Baada ya muda mrefu daktari alitoka. Alikuwa msichana wa rika langu, viatu vya raba, kalamu mbili mfukoni. Nadhani angekuwa mzee nisingemwogopa vile.

“Anapumua,” alisema. “Uvimbe umeanza kushuka, lakini hatoki hapa leo wala kesho. Nani alikuwa anampa dawa?”

“Mimi.”

“Kikohozi kilianza lini?”

“Wiki ya kwanza.”

“Na karatasi hii uliisoma?”

“Niliisoma.”

Aliikunja, akanirudishia. Heri angenitukana kama Mkasi.

“Kikohozi kile hakikuwa cha kumkimbiza dharura,” alisema. “Kilikuwa cha kumrudisha kliniki siku yoyote ya kawaida, aseme, nimepewa dawa, nakohoa. Angebadilishiwa. Kazi ya dakika tano. Midomo na ulimi, hiyo ndiyo ya kukimbia. Wewe uliambiwa yote mawili kwa maandishi, dada.”

“Hivi vidonge nikavichome moto,” Mkasi alisema. “Na presha yenyewe haikuwepo mpaka huyu alipoileta.”

“Presha ipo, kaka,” daktari akamjibu vilevile kwa ukali. “Dawa hii hataigusa tena maisha yake yote. Lakini atapewa ya aina nyingine, na ataimeza. Ukimzuia utamrudisha hapa kwa machela, na safari hiyo hatakuwa na kosa huyu, utakuwa nalo wewe.”

Mkasi akatazama sakafu. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu mwingine kukaripiwa, na, naona haya kusema, nilifarijika.

Alasiri tukaruhusiwa kuingia mmojammoja. Shangazi alimwita mwanawe kwanza. Kisha, kwa mshangao wa wote, akaniita mimi.

Uso ulikuwa bado si wake, lakini macho yalikuwa ni yale yale yanayopima mtu bila futi.

“Karatasi,” alisema kwa sauti ya mchanga.

“Shangazi, nisamehe. Mimi nili…”

“Karatasi kwanza. Samahani zako baadaye.”

Daktari alikuwa ameirudisha kwangu. Nikampa. Akaomba miwani yake, akaanza kusoma juu kabisa, kama asomavyo karatasi ya sabuni. Kidole kilitembea mstari kwa mstari. Alipofika kwenye kikohozi alitikisa kichwa. Alipofika kwenye uvimbe aliguna.

Nilisimama nikingojea laana yangu. Nilikuwa nimeshaipangia mahali moyoni.

Kidole kikasimama.

Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anasoma mstari mmoja mara ya pili, na ya tatu.

“Mwanangu,” alisema. “Soma hapa. Pengine miwani inanidanganya.”

Nikasoma. Usitumie dawa hii ukiwa mjamzito. Inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni.

“Ni kweli, Shangazi. Lakini hii haikuhusu wewe.”

“Nilimpa,” alisema.

“Ulimpa nani?”

“Kichwa kilikuwa kinamgonga. Miguu imevimba. Akasema kliniki foleni, na kazi ya majoho haimsubiri. Nikamwambia na mimi kichwa kilinigonga hivyo, nikapewa hivi, kikatulia.” Alifumba macho. “Cha Jumapili. Halafu cha Jumamosi. Wewe ukawa unajaza.”

Nikakumbuka kitambaa kilichobanwa kichwani. Nikakumbuka kile kikohozi juu ya meza ya pasi, na sote tukilaumu vumbi.

“Lini cha mwisho?”

“Jana. Nilimpa viwili, cha jana na cha leo.” Akafumbua macho, na sasa ndipo laana ikaja, lakini haikuwa na sauti. “Mimi ningeusoma mstari huu. Unanijua. Ningeusoma kabla ya kufungua pakiti.”

Nilitoka mbio na karatasi mkononi. Muuguzi wa zamu alinisikiliza nusu, akanikatiza.

“Mimba miezi sita, kichwa, miguu kuvimba, na bado hajaja? Hata bila dawa yenu angepaswa kuwa hapa. Mlete sasa hivi. Na asimeze kingine.”

Nilipiga simu. Haikuingia. Mama Pasi alikuwa ameshaifunga namba yangu.

“Kaka, mpigie wewe,” nilimwomba Mkasi. “Mwambie asimeze kidonge, mwambie aje.”

“Usinitume. Leo usinitume kitu.”

“Si mimi, ni mama yako aliye…”

“Umemwingiza na mama sasa? Ondoka mbele yangu, Digrii, kabla sijasahau kwamba ni ndugu.”

Sikuwa na muda wa kumwelewesha mtu aliyeamua kutonielewa. Kosa langu ndilo lililomziba masikio.

Nilifika karakanani nikihema. Mlango ulikuwa wazi, majoho meusi yananing'inia safu kwa safu. Mama Pasi alikuwa kwenye meza yake, jasho linamtiririka. Aliponiona aliinua pasi usawa wa kifua.

“Rudi ulikotoka.”

“Mama Pasi, vidonge alivyokupa Shangazi…”

“Shangazi yako hajanipa kitu.”

“Ameniambia mwenyewe.”

“Basi umemtia wazimu pia.” Alinisogelea, mvuke ukanifika shavuni. “Mkasi kanieleza yote. Unawalisha watu sumu, unaficha karatasi, sasa unataka kunibandika nami ili uonekane ulikuwa unaokoa watu. Hunipati.”

“Nitukane. Lakini soma.” Nikaiweka karatasi juu ya meza, juu ya joho, kidole changu chini ya mstari. “Sikuombi uniamini mimi. Soma tu. Hii mara ya kwanza naionyesha kwa mtu kabla sijaulizwa.”

“Ulikuwa unaficha, sasa umehamia kutunga.”

Lakini alisoma. Midomo yake ilitembea. Kikohozi kikamshika katikati, kikavu, kifupi, kilekile cha Shangazi. Akakohoa, akasoma tena.

Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kipande cha kitambaa cheusi kilichofungwa fundo. Akakifungua kwa meno. Kilikuwa kitupu.

“Cha leo nimekimeza saa sita,” alisema. “Baada ya Mkasi kupiga simu. Kwa hasira ulizonipa kichwa kiliniuma, na mimi mdomo haujawahi kunivimba.”

“Twende hospitali. Wanakungoja.”

Hakusogea. Ule ukali wa wiki zote ulikuwa umemtoka usoni, na nilitamani urudi. Aliweka pasi chini bila kuangalia anaiweka wapi, akashika tumbo kwa mikono miwili, akaliminya upande huu, akaliminya upande ule, akasikiliza.

“Digrii,” aliniambia, na kwa mara ya kwanza halikuwa tusi. “Hajacheza tangu jana jioni.”

Pasi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya joho. Joho likaanza kutoa moshi, na hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuiondoa.